Kwa Nini Nilichoma Matangazo Yako

Mwanangu Sidi,

Usishangae karatasi hizi. Zigeuze uone. Ni zako mwenyewe. Ndizo zilizosalia chini ya boksi siku ile nilipotia nyingine motoni, na sasa ninaandikia upande mweupe. Karatasi nzito namna hii, inang'aa, kuitupa ni dhambi, na daftari humu ndani sina tangu ulipomaliza shule.

Uko Junju kwa nyanya yako, unaaga. Umetoka asubuhi bila kuniambia lolote, umepita mlangoni umeinama kana kwamba umeangusha sindano. Nilikuona. Nami nikajifanya napara samaki. Mambo gani haya ya mtu na mwanawe? Kesho alfajiri unakwenda Marereni, na mimi na wewe hatujasemezana tangu Jumatano. Sikubali. Kwa mdomo sitaweza, maana nikianza nitafoka, na wewe ukifokewa unanyamaza kama baba yako, na mimi nikiona mtu kaninyamazia ndipo napanda zaidi. Nikiandika, angalau mkono utachoka kabla ya hasira.

Habari za kula na kulala na kutembea na watu wa maana sitaandika. Hayo unayajua, na kama huyajui mpaka leo basi nimelea bure.

Nataka kukwambia kwa nini nilikuzaba kofi, na kwa nini nilichoma kazi yako ya kwanza chini ya karai la vibua, mbele ya mama karanga wote, wakaangaji wenzangu wa pale bandani, wakitazama na miko yao hewani.

Ulikuja na kofia mpya. Fulana mpya pia, ina picha ya kasa kifuani. Ukafungua boksi, ukanishikia tangazo karibu na uso, umefurahi kama siku ya Krismasi. "Mama, hebu soma! Mimi ndiye nitakayeuitisha mkutano huu." Nikasoma. MKUTANO WA WASHIKADAU WA UHIFADHI WA KASA. Basi. Yaliyofuata chini sikuyaona. Nikakuuliza ni wapi, ukasema ni ufuoni kule nyuma ya mashamba ya chumvi. Nikakwambia, "Unajua ni nani anayechinja kasa kule? Ni mjomba wako Charo na genge lake." Nawe ukanijibu kwa utulivu, "Najua, Mama. Ndiyo sababu nimeomba nipelekwe huko."

Hapo ndipo kofi lilipotoka. Halafu boksi. Uliniuliza, "Mama, una wazimu?" Naam, ninao. Sasa ngoja nikwambie niliupatia wapi.

Watu wa hapa chini ya Matsangoni wakisimulia habari ile huanzia kwenye gongo. Charo alinyanyua gongo, baba yako Kahindi akaanguka, polisi wakaja. Wewe umeisikia hivyo tangu darasa la nne. Mimi naianzia kwenye ukuta wa banda la samaki, maana ilianzia pale, na aliyekuwa amesimama mbele ya ukuta ni mimi.

Lakini kwanza ukumbuke tulivyokuwa. Kasa akiingia kwenye jarife alikuwa balaa. Anazunguka, anajiviringisha, anakata nyuzi kwa makucha, na wavu ambao mtu ameusuka msimu mzima unakuwa matambara. Kwa hiyo walimvuta mpaka mchangani, wakampindua mgongo chini, na kisu kikaingia pembezoni mwa gamba la tumboni akiwa mzima, anapiga makasia yake hewani, machozi yanamtoka. Hafi haraka. Wanamtoa utumbo naye bado anahema. Siku moja walitoa moyo wakauweka kwenye sinia, ukawa unadunda peke yake, na nyinyi watoto mkaugusa kwa kijiti mkicheka. Na wewe ulicheka, Sidi. Sikulaumu, sote tulicheka. Mafuta nilikuwa nayachemsha mimi, nayatia kwenye vichupa, nawauzia watu wenye kifua. Nyama naikaanga asubuhi mapema, na anayetaka anajua aulize vipi. Damu yake ilikuwa haitoki kwenye leso hata ukifua kwa sabuni ya mche.

Baba yako peke yake ndiye aliyekuwa akiondoka. Hakuhubiri, hakusema kitu, anajiondokea tu kama mtu aliyeitwa. Halafu siku moja wenzake wakaja kuniambia kwamba Kahindi amekata jarife lake mwenyewe kwa kisu ili kasa atoke. Wavu wake! Nilimrushia mwiko ukampata begani. Nikamwambia, basi nenda ukaoe kasa. Alikaa mlangoni akaanza kushona ule wavu, akasema, "Aliniangalia, Dama." Hayo tu. Miaka mingi nimekuwa nikimjibu kichwani mwangu, na kila mara namjibu vizuri zaidi kuliko siku ile.

Haya. Majuma machache kabla ya tangazo kubandikwa pale ukutani, maafisa wa uvuvi walishika madau mawili ya watu wa kijiji jirani. Waliyafunga kamba, wakayavuta hadi Malindi, na nyavu wakazichoma mchana kweupe, wenyewe wamesimama wanatazama. Mzee mmoja aliingiza mikono motoni autoe wavu wake. Nailoni ikamgandia vidoleni, na walipombandua ilitoka na ngozi. Tangu hapo bandani hakukuwa na mazungumzo mengine. Dau la fulani limeshikwa. La nani litashikwa kesho? Wanaume walikuwa wanalala ufuoni kando ya madau yao, panga mkononi.

Katika joto hilo ndipo kijana mmoja wa boda alipotumwa, akaja, akapaka gundi, akabandika karatasi ukutani, akaenda zake. Hakusema imetoka kwa nani. Wanaume wakaizunguka. Wengi kusoma ni kwa taabu, na mimi nilifika darasa la saba, nikijiona profesa. "Dama, hebu tusomee." Nikapangusa mikono kwenye leso nikasogea mbele. Nikasoma, "Mkutano wa washikadau." Nikarudia taratibu, kama mtu anayefungua fundo. Washika. Dau.

"Lo! Watu hawa hawana hata haya," nikasema. "Washika madau wanakuja. Wamejiandika jina lao, na siku wametaja."

Neno hilo hatukuwa tumelisikia maishani. Sisi dau tunalijua moja tu, la mbao, lina kiraka ubavuni. Na kushika tulikuwa tumekuona kwa macho. Sasa mtu aniambie ningesoma vipi vingine.

Baba yako alikuwa chini anashona wavu. Akasema polepole, "Dama, labda neno hilo lina maana nyingine. Mtu anayekuja kukushika hakutangazii siku."

Nikageuka nikamwambia, mbele ya wanaume wote, "Wewe umesoma wapi?"

Walicheka mpaka wengine wakajishika magoti. Naye akainamia wavu wake akaendelea kushona. Hapo ndipo habari ile ilipoanzia, mwanangu. Gongo lilikuja baadaye.

Siku ya mkutano kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na kreti za soda. Aliyeuitisha ni Mutiso wa mambo ya kasa. Lakini Mutiso unayemjua wewe, mwenye kofia ya majani na utani mwingi, siye yule. Yule alikuwa kijana mwembamba kutoka Kitui, shati limepigwa pasi, macho mawili mazima. Wanaume walikuja na mapanga wameyaviringisha kwenye magunia. Charo, ndugu yangu tumbo moja, alikuja na gongo lake la kupigia papa akaliweka chini ya kiti. Na soda tuliinywa vile vile, ukitaka kujua binadamu alivyo.

Mutiso akasimama, akatabasamu. "Washikadau wenzangu, hamjambo!"

Hakuna aliyeitikia. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Mmesikia? Anakiri."

"Mimi ni mshikadau," akaendelea, maskini ya Mungu, "na nyinyi nyote mlioketi hapa ni washikadau."

Charo akainuka. "Dau la nani umeshika wewe?"

Mutiso akadhani ni swali zuri. Nilimwona akifurahi, ndicho kinachonitesa mpaka leo. Alitandaza mikono yake akasema, "Dau hili si la mtu mmoja, ndugu yangu. Ni letu sote."

Letu sote! Mtu ambaye maji ya chumvi hayajawahi kumfika magotini, madau ya watu anayaita yake!

Kiti cha kwanza kiliruka juu ya kichwa changu. Halafu sikuweza kujua nani ni nani. Hema liliangukia watu, wakalipasua kwa mapanga kutoka ndani, na panga moja likatokea upande wa pili na kumkata mwenzao mkononi. Mutiso alikuwa chini, wanampiga mateke ya mbavu, nazo mbavu zinalia kama kuni kavu. Chupa zilikuwa zinaruka. Moja ilimpasukia usoni, na jicho likatoka likawa shavuni. Nani aliirusha hakuna anayejua. Mimi nilikuwa na chupa mkononi, halafu nikatazama, sikuwa nayo. Mengine sikumbuki, na nimejaribu.

Baba yako ndiye aliyeingia katikati. Sijui alitokea wapi. Alimlalia Mutiso kifudifudi, akamfunika na mwili wake kama mtu anavyomlalia mtoto bomu likilia. Na gongo la Charo lilikuwa limeshanyanyuliwa. Likashuka nyuma ya sikio la baba yako. Sauti yake haikuwa kubwa. Nimewahi kusikia nazi ikianguka kwa kishindo zaidi.

Nilimpata amelala mchangani, damu inamtoka sikioni na soda imemwagikia mgongoni, anakoroma. Unajua nilifanya nini? Nilimfokea. "Kahindi, amka! Watu wanapigana nawe umelala!"

Aliamka baada ya siku nyingi, lakini unajua mwenyewe nani aliamka. Kikombe alikuwa anakishika kwa mikono miwili na bado chai inamwagika. Jina la samaki changu alilisahau, akawa anamwita yule mwekundu. Siku nyingine aliniita kwa jina la mama yake, nami nikaitika. Baharini hakurudi tena. Charo walimkamata, wakamfunga. Alipotoka hakukanyaga hapa, alikwenda Marereni kubeba chumvi, na baadaye akarudia nyavu.

Kisha baba yako akafa, wewe ukiwa kidato cha kwanza, na Charo akaja mazishini. Hakuthubutu kuingia. Alisimama barabarani, kofia mkononi. Ulikuwa kando yangu, umenishika leso. Niliwatuma vijana wamfukuze kwa mawe, na wakamfukuza kweli, jiwe moja likampata mgongoni akaanguka kwenye michongoma, akainuka, akaenda zake akichechemea. Wewe uliniangalia. Mtoto akikuangalia vile huwezi kusahau. Kwa miaka yote hiyo niliimba wimbo mmoja tu, Charo ameniua mume. Ni kweli alimpiga. Lakini gongo lilinyanyuliwa kwa neno, na neno nililisoma mimi, na aliyejaribu kunizuia nilimfanya kicheko cha watu. Charo nilimpa mzigo wote abebe kwa sababu mgongo wake ulikuwa mpana.

Mutiso alirudi kabla baba yako hajafa. Mwaka ulikuwa haujaisha tangu siku ile ya hema. Watu walipomwona anashuka barabarani na kitambaa jichoni walidhani amekuja na polisi, wengine wakakimbilia mikokoni. Alikuwa peke yake. Alikuja nyumbani akaomba kumwona mtu aliyemlalia. Baba yako hakumtambua. Ikaletwa chai, na baba yako akaanza kuhangaika na kikombe, na Mutiso akasogea karibu akamshikia mpaka akamaliza. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo, nikajiuma mkono.

Kesho yake akaja bandani, akapindua ndoo akaikalia mbele ya karai langu. Nilikuwa sina pa kuficha macho. Akaagiza kipande cha pweza. Akala. Halafu akauliza, "Mama Sidi, hivi huku dau ni nini?"

Nikamwonyesha kwa mwiko. Lilikuwa pale, limepinduliwa, mtu analiziba kwa pamba.

Alilitazama muda mrefu. "Mimi nilifundishwa dau ni kile anachoweka mtu kwenye kamari," akasema. "Kwamba kila mwenye kitu chake ndani ya jambo aje aseme. Kwetu Kitui hakuna bahari, Mama." Akaanza kucheka. Alicheka hadi akalia, machozi kwa jicho moja, lile jingine halina tena kazi hiyo. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, halafu nikalia kilio kibaya mpaka vibua vikaungua.

Alipotulia akaniuliza, "Basi watu ambao jambo ni lao, huku mnawaitaje?"

"Wenyewe," nikamwambia. "Tunawaita wenyewe."

"Na wenyewe wa kasa ni kina nani hapa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimtajia mwenye jarife, mwenye dau, wapiga makasia. Nikafika mwisho, nikaona nimesahau mtu. "Na sisi," nikasema. "Mtu hali kasa mpaka sisi tumemkaanga."

Usidhani baada ya hapo kulikuwa na nyimbo. Nilipokataa kukaanga kasa mara ya kwanza, aliyeleta nyama alikuwa mpiga makasia mmoja mkubwa, ndoo imejaa, damu inachuruzika. Nikamwambia sikaangi. Akasema utakaanga. Nikasema sikaangi, hata ukiniletea mama yako. Hilo lilikuwa kosa, mdomo wangu huu. Akapiga karai teke, mafuta ya moto yakanimwagikia. Kovu lile la mguuni, unalonipaka mafuta wakati wa baridi, ndilo hilo. Ngozi ya mguu ilivuka kama soksi. Nami nikachomoa kijinga cha moto nikamtia nacho usoni, na akaachwa na alama ya kidevu mpaka leo. Tukawa sare. Kesho yake kasa akachinjwa kama kawaida, akakaangwa kwenye karai la jirani.

Ndipo nikaelewa kwamba kijinga changu hakijaokoa hata yai moja. Nikawaendea kina mama mmoja mmoja, nyumbani kwao, mguu umefungwa matambara. Sikuwaambia habari za kuhifadhi. Niliwauliza tu, wewe unaonaje? Wengine walinitukana. Mmoja alisema mumewe atampiga, na kweli akampiga. Lakini ikafika asubuhi moja kasa akaletwa, na mama karanga wote wakamwaga maji kwenye mafiga. Pshh, pshh, pshh, banda zima moshi. Si kasa, si changu, si kibua, hakuna kinachokaangwa. Wanaume walitukana, wakapiga makarai mateke, samaki wao wakaanza kunuka juani. Jioni yule yule mwenye alama ya kidevu ndiye aliyemburuta kasa kurudi majini, anamsukuma huku anamtukana matusi ya nguoni. Alikwenda yule kasa. Sasa akiingia kwenye wavu wanampigia Mutiso simu, anakuja na watu wake, na wavu unashonwa kwa pamoja. Wapo wanaochinja bado, kwa siri. Nawajua. Nawanyima salamu.

Nakwambia haya si kwa sababu nakuona hujui kazi. Umesoma mambo ya bahari mpaka mimi kichwa kinauma ukinieleza. Lakini nilipoiona ile karatasi mkononi mwako, Sidi, niliona ukuta. Niliona kijana mwingine wa boda na gundi yake. Niliona watu ambao majuzi nyavu zao zilichomwa, wameizunguka, na mwanamke mmoja mwenye kujua kusoma anapangusa mikono. Na katikati ya mchanga nikakuona wewe, na fulana yako ya kasa, umetandaza mikono, unasema ni letu sote. Nilikupiga ili wasikupige wao. Ni ujinga, najua. Shavu lako lilivimba na mimi ndiye niliyelivimbisha, na nimelala na hilo usiku baada ya usiku. Nisamehe. Haya, nimeliandika, maana nikilisema lingenikwama kooni kama mwiba wa kibua.

Sasa sikia nililolifanya leo. Nyanya yako ana namba ya Charo, miaka yote anayo, anafikiri sijui. Ulipopanda gari kwenda Junju nilimpigia nyanya akanipa. Halafu nikakaa na simu mapajani mpaka moto ukazimika. Halafu nikapiga.

"Nani?"

"Dama."

Nikasikia watu wanavuta kitu kizito, hoo, hoo. Akauliza, "Mama amekufa?"

"Mama mzima. Sidi anakuja huko kesho."

"Sidi wa Kahindi?"

Jina hilo kinywani mwake! Nilitaka kukata. "Sidi wa Kahindi," nikasema. "Anakuja kwa mambo ya kasa."

Akauliza, "Anakuja na makaratasi?"

"Nimeyachoma."

Akatoa sauti, sijui ni kicheko. Akasema, "Dada, niliona ni Kahindi gongo likiwa limeshashuka. Nilijaribu kulirudisha. Halirudi."

Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyesoma, Charo." Akasema, "Najua. Nilikuwepo." Tukakaa hivyo, simu inakula pesa, yeye kule na mimi huku.

Mwishowe akasema, "Asibandike kitu. Wenyewe nitawaita mimi, kwa mdomo. Lakini siwezi kukuahidi kila mtu, Dama. Watu wa huku wamekasirika, nyavu zimechomwa. Naweza kuahidi nafsi yangu tu. Nitakaa kati yake na wao."

Kati yake na wao. Unajua ni nani aliyekaa hapo mara ya kwanza. Sikuweza kuendelea, nikakata, nikamwachia nyanya yako amalizie mengine kwa simu yake.

Kwa hiyo nenda. Sikuzuii tena. Na mkutano ukiitwa nakuja, karai nitamwachia jirani. Nitakaa kiti cha mbele kabisa, na soda sitashika. Anayetaka kukufikia atanipitia mimi, na mimi unanijua.

Ukifika, usianzie kwa chifu, wala usivae kofia ile. Nenda kwa Charo. Ana mvi sasa, nyanya yako anasema, na anachechemea kwa lile jiwe letu. Utataka kumtazama mikono. Usimtazame. Msalimie kama nilivyokufundisha ukiwa mdogo, ukiinama kidogo. Mwalimu wetu wa zamani alituambia kwamba salamu ile maana yake ni nashika miguu yako. Mimi nimeona kushika kwingi, kushika madau, kushika gongo, kushika watu na kuwafunga. Kushika huku kwa salamu, na kule kwa Mutiso kumshikia baba yako kikombe, ndiko peke yake sijaona kukimwaga damu. Mwambie shikamoo, mjomba. Halafu nyamaza, kwa huo ukimya wa baba yako, umngoje aitike.

Akisema marahaba, nipigie. Nitakuwa kwenye karai, lakini nitaisikia.

Mama yako,
Dama